Barua Zisizotumwa: Mgeni na Miji ya Watu

Wahenga wetu walimtungia mgeni methali nyingi, na karibu zote zimesemwa na mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni kuku mweupe. Msemaji wa methali hizi ni yule aliyeketi barazani kwake, anayemwona mtu akitokea kwa mbali na mzigo wake. Mgeni mwenyewe hasemi neno. Hili ni jambo la kustaajabisha kwa watu wa visiwa, ambao kwa karne nyingi wamesafiri kwa kusi na kaskazi na kuwa wageni katika bandari za watu. Basi pale mtu wa kwetu anapokuwa yeye ndiye kuku mweupe, katika mji asioujua njia zake wala lugha yake, husema nini? Na humwambia nani?

Swali la pili ndilo ninalotaka kulishughulikia zaidi. Wahakiki wetu wamezoea kuuliza mwandishi wa ughaibuni ameona nini: baridi, majumba marefu, watu wasioamkiana. Hayo kila msafiri huyaona. Kinachotofautisha maandishi ya mgeni mmoja na mwingine ni sikio analoliandikia. Nitavipitia vitabu kadhaa vya watu wa Unguja na majirani zake ili kuonyesha hivyo, na mwishoni nitasema kwa nini jambo hili latuhusu sisi tuliobaki nyumbani.

Tuanze na walioandika kwa Kiswahili. Katika miaka ya mwanzo ya 1890, Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1887, na miongoni mwa waliosoma humo walikuwamo maofisa waliotayarishwa kuja kututawala. Habari alizoandika juu ya maisha yake zilichapwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa C. G. Büttner. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Simulizi yake ikaingia katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901.

Maandishi haya yana fahari yake. Kiswahili chake ni safi na chepesi. Kitenzi hufuata kitenzi kama mashua zinazovutana: wakaenda, wakafika, wakatazama, wakaondoka. Zaidi ya hayo, yameugeuza mtazamo wa zama zile. Wakati wazungu wakituandika sisi, hawa wanawaandika wazungu, na wanaipima Ulaya kwa pishi ya kwetu. Msomaji wa leo hufurahi kuiona miji mikubwa ikisimuliwa na mtu asiyetishika nayo.

Hata hivyo, tusisahau kuwa simulizi hizi ziliombwa. Msomaji wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa Kijerumani aliyetaka kujifunza lugha yetu, na mwalimu wake ndiye aliyeupeleka mswada kwa mchapaji. Mbele ya sikio kama hilo mgeni huwa na adabu ya mezani. Huhesabu maajabu, hushukuru, husema mji ni mkubwa. Ni mara chache atueleze usiku wake ulivyokuwa baada ya taa kuzimwa. Silaumu, mtu aliye katika nyumba ya watu huchunga ulimi. Lakini fasihi huanzia pale ulimi unapofunguka.

Kwa Sayyida Salme binti Said ulimi ulifunguka, lakini kwa njia ya ajabu. Alizaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844, binti wa Seyyid Said. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, na mwaka huohuo wakawasili Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya tramu, naye akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja.

Kitabu chake kinachojulikana ni Kumbukumbu alizozitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anawaeleza Wajerumani habari za Unguja: majumba, mavazi, vyakula, sikukuu, ugomvi wa ndugu wa kifalme. Ijapokuwa yuko Ujerumani, katika kitabu hicho yeye ndiye mwenyeji. Msomaji ndiye mgeni anayetembezwa. Kuna kitabu chake cha pili, na kwangu mimi hicho ndicho kikubwa zaidi. Ni barua za kwenda nyumbani, ambazo hazikuchapwa uhai wake. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993 katika kitabu kilichohaririwa na E. van Donzel. Humo uso umegeuka: sasa anamwelezea shoga yake wa Unguja, ambaye jina lake halitajwi, habari za Ujerumani. Ni baridi, ni vyumba vilivyofungwa, ni karamu ambamo kila mtu anamwangalia, ni dini mbili zinazogombana kifuani mwake.

Zingatia, msomaji, ugumu uliomo katika umbo hili. Barua zimeandikwa kwa Kijerumani. Shoga wa Unguja wa karne ile asingeweza kuzisoma. Anayeitwa haelewi, na anayeelewa hakuitwa. Wengine wataona ni hila tu ya mwandishi ya kutafuta pa kuanzia. Mimi naona ni ukweli wa hali yake. Salme hakuwa na lugha moja iliyoweza kubeba vyote viwili, mji aliomo na mtu anayemtamani. Kwa hivyo akauandika mji kwa lugha ya mji, akamwekea juu yake shoga wa nyumbani kama mtu anayeacha kiti kitupu mezani.

Wala hakuibuni barua siku hiyo. Katika Kumbukumbu anasimulia kuwa wasichana wa nyumba yao walifundishwa kusoma lakini si kuandika, na kwamba yeye alijifunza mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, katika uasi wa Barghash dhidi ya Sultani Majid, huyo msichana wa miaka kumi na tano ndiye aliyewaandikia wafuasi barua zao. Kalamu yake ilizaliwa katika barua, na barua zenyewe zilikuwa za siri. Sisi tuliojifunza kuandika pasipo darasa tunaijua njaa ile ya herufi, na pengine ndiyo sababu kurasa zake zinanigusa kuliko za wasomi wengi.

Kwa mpenzi wa mashairi wa pwani, hili halina ugeni. Ushairi wetu umejengwa juu ya waraka. Malenga humtuma waraka kama mtu, humwagiza njia, humpa salamu za kutoa na majibu ya kurudi nayo; mtunzi wa utenzi huanza kwa kuagiza karatasi na wino. Ndiyo kusema kwamba kwetu utungo mwingi una mpokeaji, na mpokeaji ndiye anayeupa adabu na ujasiri wake. Barua za Salme ni za ukoo huo, ila waraka wake hauna tarishi. Hapo ndipo uchungu wake ulipo.

Jambo moja zaidi katika maisha yake linastahili kuwekwa wazi. Salme na mumewe, ambaye alifanya biashara Unguja, walizungumza Kiswahili nyumbani kwao Hamburg. Kiswahili, basi, kilikuwa na nyumba moja katika mji ule, nayo ilikuwa baina ya watu wawili. Alipofariki Ruete, mjane yule hakupoteza mume tu. Lugha yake pia iliondokewa na mzungumzaji. Nadhani barua kwa shoga asiye na jina zisomwe kwa mwanga huu. Mtu aliyenyimwa wa kusema naye humwumba.

Nimesema sikusudii kusifu tu, na hapa pana la kulaumu. Mji wa ugenini una tabia ya kuufanya mji wa nyumbani uwe asali. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo Unguja ya kumbukumbu inavyozidi kunukia asumini na karafuu. Katika Kumbukumbu, Salme anautetea utumwa wa kwetu, akiwaambia Wazungu wasiujaji kwa macho yao, na akiwasema Waafrika kwa dharau. Mwaka 2019 mji wa Hamburg ulikipa kiwanja kimoja jina lake. Baadaye jina hilo likaondolewa kwa sababu ya maneno hayo. Hatuna haja ya kungoja Hamburg itufundishe. Watu waliolima karafuu ile na kuyabeba maji ya majumba yale walikuwa watu wetu, na hao katika asali ya Salme hawana sauti. Upweke ni shahidi mzuri wa mji alioufikia mtu, lakini ni shahidi dhaifu wa mji alioutoka.

Hapo ndipo Abdulrazak Gurnah anapoingia. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, akaishi Uingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Wengi wamemsoma kama mwandishi wa ukoloni na ukimbizi. Mimi nataka tumsome kama mrithi wa zile barua.

Katika Pilgrims Way (1988), kijana Daud anafanya kazi za chini hospitalini katika mji wa Canterbury, mji wenye kanisa kuu ambalo watu wamelihiji kwa karne nyingi. Miaka inapita naye hajaingia ndani yake. Anapita kando, anaukejeli mji, na kichwani mwake anawatungia watu barua. Haziandiki, anazitunga tu, nyingine za matusi, nyingine za kuchekesha, kwa sababu watu wa mji hawangezisikia. Katika Gravel Heart (2017), Salim anafika London kwa mjomba wake, anahama chumba hadi chumba, na anamwandikia mama yake aliyeko Unguja. Barua nyingine anazituma, nazo ni za heri na salama. Nyingine anaziweka katika daftari lake, na hizo ndizo zenye habari. Kutoka Hamburg ya Salme hadi London ya Salim imepita zaidi ya karne moja, na mgeni wetu bado anaandika barua mbili: ya kutuma na ya kuficha.

Tofauti ni kwamba Gurnah haitii asali Unguja yake. By the Sea (2001) ndiyo dalili kubwa. Saleh Omar, mzee wa miaka sitini na mitano, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick kwa pasi ya jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji, ambaye wazazi wake nao walikuja Uingereza wakiwa wakimbizi kutoka Romania, anampekua mzigo na kumnyang'anya kijaluba cha udi. Baadaye, mzee anapowekwa katika mji mdogo wa pwani, twaona kuwa alichokiacha nyumbani hakikuwa pepo. Kulikuwa na rehani, nyumba iliyogombewa, ndugu waliodhulumiana, na miaka ya kifungo. Mgeni huyu ni mdhulumiwa, na kwa macho ya wengine ni dhalimu pia. Hilo ndilo Salme hakuliweza.

Nataka kusimama kidogo kwenye ule udi. Udi hauna thamani yoyote mbele ya sheria ya uhamiaji. Ni vumbi na vipande vya mti. Lakini katika ubani ule zimo dau na jahazi, imo biashara ya msimu, yumo mfanyabiashara wa Bahrain aliyemgawia Saleh sehemu ya bidhaa yake. Ofisa anaponyakua kijaluba, ananyakua kitu pekee ambacho kingemwezesha mzee kukifukiza chumba kigeni hadi kifanane na cha kwao. Vivyo hivyo husimuliwa kuwa katika vitu vya Salme, alipofariki mwaka 1924, palikutwa mfuko wa mchanga wa Unguja, akazikwa nao Hamburg. Mwandishi mzuri wa ugeni hututajia mzigo kabla ya kututajia majengo, kwa sababu mji mpya huanza kukaliwa pale mgeni anapopata pa kukiweka kitu chake.

Na huanza kujulikana kwa miguu. Saleh aliwahi kuuza samani. Basi katika mji ule wa Kiingereza anazuru maduka ya samani, siku baada ya siku, akitazama meza na makabati kama mtu anayetembelea jamaa. Hapa Gurnah ameona kitu cha kweli kabisa. Mgeni hauzoei mji kwa kutazama mnara wake mashuhuri. Huuzoea kupitia kazi aliyoijua kwao: mvuvi atauliza soko la samaki, mshonaji atatazama pindo za nguo za wapita njia.

Lakini kipo kinachokosekana katika miji yote hiyo, nami sijaona mhakiki aliyekitaja. Ni baraza. Nyumba ya mji wetu ina kiti cha mawe nje ya mlango, ambacho si ndani wala si njiani. Mpita njia hukaa bila kualikwa, huzungumza bila kuingia, huondoka bila kuaga kwa urefu. Baraza humpa mgeni daraja ya kati. Hamburg ya Salme haina daraja hiyo: ama umealikwa karamuni na macho yote yako juu yako, ama uko nje ya dirisha lililofungwa. Canterbury ya Daud ni hivyohivyo. Kwa hivyo wahusika hawa hujenga baraza pale wanapoweza. Salim anaipata katika nyumba ya wapangaji huko Camberwell wanayoiita kwa jina la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambayo mwenyewe ni mtu mzima aitwaye Mgeni. Msomaji wa Kiingereza atapita juu ya jina hilo kama jina lingine lolote. Sisi tunacheka kimya, kisha tunatafakari: mwenyeji pekee aliyempokea anaitwa Mgeni.

Utani huo unatufikisha kwenye jambo lenyewe. Gurnah anaandika Kiingereza ambacho chini yake mna Kiswahili kinachonong'ona. Salme aliandika Kijerumani kwa ajili ya sikio la Unguja. Barua hizi zina anwani yetu juu yake, na zimefika kwa watu wengine kwanza. Adam Shafi, kwa upande wake, alituonyesha kuwa inawezekana kutuma moja kwa moja: Mbali na Nyumbani (2013) inasimulia safari ya ujana kutoka Unguja kuelekea Ulaya, na inasimulia kwa Kiswahili, kwa mzaha na njaa na ujanja wa njiani, bila ya kumfasiria mtu yeyote. Shafi hana haja ya kueleza baraza ni nini. Uhuru huo unasikika katika kila ukurasa, na ni hoja kubwa kuliko hoja zangu zote.

Kwa yale yaliyoandikwa kwa lugha nyingine, kazi ni ya mfasiri. Ida Hadjivayanis alitufungulia mlango mwaka 2022 kwa Peponi, tafsiri ya Paradise ya Gurnah. Zinazobaki ni nyingi, na si kazi ya kuhamisha maneno tu. Katika By the Sea anatafutwa mtaalamu wa lugha ya mzee, akapatikana Latif Mahmud, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu London. Kumbe mzee alikuwa anajua Kiingereza siku zote, na jina aliloingia nalo ni la baba wa huyo aliyeombwa kufasiri. Sijui picha ya mfasiri iliyo kali kuliko hii. Anaitwa afasiri maneno, na anachokikuta ni deni la nyumbani kwao.

Chukua mfano mdogo kutoka kwa Salme. Mwenye kuzifasiri zile barua kwa Kiswahili atakwama kwenye neno la kwanza kabisa, lile la kumwita mpokeaji. Kijerumani na Kiingereza hutosheka na rafiki. Kiswahili cha Unguja hakitosheki. Je, ni shoga, mwenziwe wa rika na siri? Ni somo, aliyemfunda? Ni ndugu yangu, kwa upole wa mtu aliyejitenga na ndugu zake wa damu? Ukisema shoga, barua nzima inakuwa ya kunong'onezana, na hata malalamiko yake yanapata kicheko ndani yake. Ukisema somo, anakuwa mtu anayetoa hesabu ya mwenendo wake mbele ya mkubwa, na habari za kubadili dini zinakuwa nzito mara mbili. Ukisema ndugu yangu, unasikia ombi la kusamehewa. Lugha alizochapwa nazo zilimruhusu asichague. Yetu haimruhusu, na kwa hivyo ni katika Kiswahili tu ndipo tutakapojua alikuwa anasema na nani.

Mimi katika makala haya nimeandika shoga, na sababu yangu ni ule usiri wa kalamu iliyoanzia kwenye mfupa wa ngamia. Wako watakaoona kuwa binti wa Seyyid asingelitumia neno hilo katika waraka. Kurasa za jarida hili ziko wazi kwa mwenye hoja, na mwenye kuanza kufasiri asingoje jibu.